Baba Hakubeba Mtoto

Siku tulipomzika baba, kule Buhongwa, walilileta joho lake la kubatizia wakalitandaza juu ya jeneza. Sijui nani alilitoa kabatini. Zamani lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na pindo lake limekakamaa kwa tope la miaka. Jua lilipolipiga likaanza kunuka ziwa, lile shombo la nguo iliyoanikwa ikaanuliwa kambani haijakauka. Mliokulia kando ya maji haya mnaijua harufu hiyo. Haitoki kwa sabuni yoyote. Ilinifikia pale nilipokaa mkekani na wanawake wa familia, nikapoteza kabisa mahubiri yalipokuwa yamefika.

Walimsifu sana. Sikatai. Mmoja akasimama akasema mchungaji wetu alikuwa askari wa taifa na askari wa Bwana. Mwingine akasema alikuwa baba wa familia, mke mmoja, nyumba moja, hakuna aliyewahi kumsikia na kashfa. Ni kweli yote. Kisha mama mmoja mnene, mkubwa kwangu, akashika kipaza sauti huku analia.

"Mikono ile!" akasema. "Mikono ile ndiyo iliyonishika majini nikiwa msichana. Mpaka leo naisikia hapa." Akajipiga kisogoni. Watu wakaitikia amina.

Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, mbona wewe hulii?"

Nikamwambia anyamaze asikilize. Mimi nilikuwa nafikiri. Wauza ndizi wa Mkuyuni, watu wa viwandani Nyakato, wavuvi walioacha pombe, wote wanaijua mikono ya baba yangu. Walishikwa nayo. Mimi aliyenizaa, ukiniuliza ilikuwa ya moto au ya baridi, lazima nirudi nyuma sana kutafuta jibu, na ninalolipata huko silipendi. Nitalisema. Nimekuwa mtu mzima, wazazi wote wamelala, hakuna wa kumwaibisha.

Baba alikuwa jeshini kabla sijapata akili. Akapelekwa vitani, ng'ambo ya Kagera, mimi bado mdogo. Mama alikuwa akisema kwamba kabla ya vita baba alinibeba mabegani mpaka sokoni, nikimvuta masikio kama mtu anayeendesha baiskeli. Mimi sikumbuki. Na jambo usilolikumbuka ni la aliyekuhadithia, si lako.

Ninayemkumbuka ni yule aliyerudi. Mrefu, mkavu, kichwa amenyoa, anaongea kidogo. Jeshini hakukaa tena. Aliokoka, akaenda kusoma Biblia mahali, akarudi akapewa kanisa letu la Kibaptisti pale Mkuyuni, jengo la mabati lililokuwa likiunguza watu mchana na kupigwa na mvua mpaka mahubiri yasisikike. Siku za kazi alikuwa kiwandani Nyakato. Jumapili na jioni alikuwa mchungaji.

Alikuwa na namna yake ya kusimama: mikono nyuma, kiganja kimeshika kiganja. Mguu pande, kama gwaride. Watu walipenda. "Mchungaji wetu ana nidhamu," walisema. Tukimwamkia sisi watoto, tunapiga goti, shikamoo baba, naye anainama kidogo, marahaba mama, marahaba. Mikono iko nyuma. Baba wa wenzangu walikuwa wakiweka mkono kichwani kwa mtoto. Baba wa Kabula, jirani yetu, alikuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni, lakini akifika nyumbani huyo anawarusha watoto juu mpaka wanapaliwa na kicheko.

Kabula alinitania siku moja tukichota maji. "Baba yako mikono yake ya kuazima? Anaogopa atairudisha imechakaa?"

Nilimpiga. Lakini neno likabaki.

Msinielewe vibaya. Baba yangu alitupenda, na wala sisemi hivyo kwa sababu amekufa. Nikihitaji viatu alinisimamisha juu ya kipande cha boksi, akachora kuzunguka mguu wangu kwa mkaa, taratibu, mkaa ukipita karibu kabisa na ngozi na kidole hakigusi. Kile kipande alikiweka ndani ya shati akazunguka nacho mji mzima, na enzi zile madukani kulikuwa na rafu na vumbi tu. Aliporudi na viatu vilikuwa sawasawa. Nikiwa na homa alikaa kando ya mkeka akanipepea kwa mfuniko wa boksi kutwa nzima. Alinikorogea uji, akaupoza, akauweka chini, akasukuma bakuli kuja kwangu. Sabuni ilipokosekana kabisa alikwenda kuchuma majani ya mpapai akafua nguo zetu za shule mwenyewe, wanaume wenzake wakimcheka. Kila kitu alikifanya. Alifika mpaka pembeni yangu kabisa, akaishia hapo.

Na kanisani ilikuwa vile vile. Sisi Wabaptisti hatubatizi watoto wachanga. Mtoto akizaliwa analetwa mbele, mchungaji anampokea mikononi, anamwombea, anamweka wakfu. Ubatizo unangoja mpaka mtu mwenyewe aamini. Baba alipoletewa mtoto alisema, "Mama ashike mwanawe. Mungu anaona." Akaomba akiwa amefumba macho, mikono nyuma. Watu wakachukulia ndio utaratibu wake.

Kisha mama akamzaa Samweli.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Magu kumtazama mjukuu. Alikuja na kikapu cha viazi, kuku mmoja, na kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Mimi ndiye niliyemnawisha mikono na kumpakulia ugali, kwa hiyo nilikuwepo. Alikula kwanza. Bibi hakuwa mtu wa kuanza maneno na njaa. Alipomaliza akakiweka kile kibuyu katikati.

"Mwanangu," akasema, "ulirudi vitani mwaka ule sikukuuliza. Nikasema ngoja apumzike. Sasa una mtoto wa kiume. Mtu aliyemwaga damu ya mtu haingii tu ndani akabeba watoto. Anaoshwa. Baba yako asingekubali ukae hivi. Dawa hii hapa, unaoga kesho asubuhi, basi, yameisha."

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Akasema, "Mama, mimi nilishaoshwa. Damu ya Yesu imenitosha. Siwezi kuongeza dawa juu ya hapo. Nitawaambia nini watu ninaowahubiria?"

"Imekutosha?"

"Imenitosha, mama."

Bibi akageuka, akamchukua Samweli kutoka kwa mama, akamnyoosha kuelekea kwa baba. "Haya. Mbebe."

Kuku alikuwa akichakura mlangoni. Samweli alikuwa akirusha miguu, mikono ya Bibi imenyooka hata ikaanza kutetemeka kwa uzito. Baba alimtazama mtoto. Hakuinua mkono.

"Mbebe, mchungaji," Bibi akasema, na hilo neno mchungaji alilitamka kama mtu anayetema ganda.

Mama akasimama akamchukua mwanawe. "Mama, yatosha," akasema. Bibi akabeba kibuyu chake akaondoka kesho yake alfajiri, asimuage mtu ila mimi.

Sasa mimi niliyaona yote hayo na nikayaelewa kwa akili niliyokuwa nayo. Nilisikia habari ya kuoshwa. Nilisikia baba akisema yeye ameshaoshwa. Nikamwona anakataa kumshika Samweli. Kwangu jibu lilikuwa wazi kama mchana: baba ni safi, wachafu ni sisi. Sisi watoto hatujaoshwa. Na ushahidi nilikuwa nao, maana baba alishika watu! Nilimwona kwa macho yangu ziwani, Jumapili za ubatizo. Mtu anaingia majini, baba anamwekea mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mikono aliyokunja kifuani, anamlaza kwenye maji kama mama anavyomlaza mtoto, na anamwinua. Wakati mwingine akimwinua anamkumbatia, joho limewaganda wote wawili. Wavuvi wanaonuka gongo aliwakumbatia. Waosha magari aliwakumbatia. Kwa nini? Kwa sababu wameoshwa.

Nikaamua nitabatizwa.

Darasa la ubatizo lilikuwa Jumamosi mchana, watu wazima kwenye mabenchi, na mimi mtoto peke yangu, miguu haifiki sakafuni. Shemasi Maduhu ndiye aliyefundisha. Alikuwa mzee anayekausha dagaa kwenye mawe ya ufukweni, mpole, anasoma kwa kufuata mstari na kidole. Mimi shule sikufika nayo mbali, darasa la nne tu, lakini yale mafungu niliyashika yote. Nilikuwa nikiyasema nikisugua sufuria. Niliyasema nikienda kisimani. Kabula akasema nimerukwa na akili.

Mwisho wa darasa kila mmoja alikwenda kuhojiwa na mchungaji. Zamu yangu ilipofika nilimkuta baba nyuma ya meza, mikono chini yake.

"Minza. Kwa nini unataka kubatizwa?"

"Nimempokea Yesu," nikasema, kama wengine walivyosema.

"Hayo ni maneno ya darasani. Wewe mwenyewe."

Nikafikiri. Nikasema lililo kweli. "Nataka niwe safi, baba."

Macho yake yakajaa maji, mwanaume yule, askari. Nikajua nimejibu vizuri kuliko wote. "Sawa, mama," akasema. "Sawa. Utabatizwa."

Mama alinishonea gauni kwa shuka jeupe. Lilikuwa na kiraka mgongoni. Akasema majini hakitaonekana.

Ubatizo wetu ulikuwa ufukweni chini ya Mkuyuni, penye yale mawe makubwa yaliyobebana. Dagaa walikuwa wameanikwa, nzi wengi, harufu inakwaruza koo. Waimbaji walisimama kwenye jiwe pana wakapiga pambio. Kijana mmoja wa kanisa alipanda juu zaidi kuangalia kiboko. Baba akaingia na joho lake mpaka maji yakamfika kiunoni.

Mbele yangu alikuwa Mama Kulwa, muuza ndizi, mwili wake kama magunia mawili. Alipofika katikati akasimama. "Mchungaji, maji haya yana kichocho!"

"Njoo, dada yangu."

"Na nikikuzidi uzito ukaniachia?"

"Sijawahi kumwachia mtu."

Watu wakacheka. Akamshika, akamzamisha, akamwinua, kanga imemvuka inaelea, mama yule anakohoa na kusifu kwa pamoja, na baba anacheka, ndiyo, anacheka, amemshika mabega asianguke. Nikawaza, na mimi hivyo hivyo. Sasa hivi.

Maduhu aliyekuwa kando akaniambia nenda. Maji yalikuwa ya baridi kwenye magoti, ya vuguvugu juu. Tope lilipenya kati ya vidole. Gauni likapanda likavimba kama puto, nikalisukuma chini nikaona aibu. Nilifika mbele ya baba nikakunja mikono kifuani, kama nilivyofundishwa. Nikafumba macho. Nikangoja.

Nilisikia maji yakipiga mawe, nikasikia pambio likifika mwisho na kuanza upya. Nikafumbua jicho moja. Baba alikuwa ameinua mikono yote miwili juu ya maji, imefunguka, inachuruzika, umbali kama wa kitabu kutoka usoni kwangu. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Nikamtazama. Akaishusha mikono polepole ikazama.

"Shemasi Maduhu," akasema kwa sauti ya amri. "Njoo umbatize huyu."

"Mimi, Mchungaji?"

"Njoo."

Yule mzee akaingia na viatu vyake. Mikono yake ilinuka dagaa. Akatamka maneno kwa kuparaganya, akanizamisha, nikanywa maji, akaniinua. Ufukweni watu walikuwa wameguswa mno. Nilisikia mwanamke akisema, "Mmeona? Hataki upendeleo hata kwa mwanawe. Hiyo ndiyo nidhamu."

Nilifika nyumbani na gauni bichi. Sikulivua. Baba alikuja baadaye, akakuta nimesimama uani. Sikupiga goti wala sikumwamkia.

"Sasa nimeoshwa," nikasema. "Nishike."

Mama aliyekuwa akichambua mchele akainua uso. "Minza, ndivyo unavyoongea na baba yako?"

"Niko safi. Anishike, kama Mama Kulwa."

Baba alinitazama kama mtu anayesomewa hukumu. Akasema, "Wewe hujawahi kuwa mchafu, mwanangu. Hata siku moja." Akaingia ndani. Jioni hiyo hakula.

Ndipo mama akaniita nikae naye kwenye ungo wa mchele. Aliongea akiwa anatoa mawe, haniangalii.

"Kule vitani waliambiwa ndani ya nyumba fulani kuna askari wa adui. Baba yako akapiga risasi mlangoni. Walipofungua kulikuwa na mtoto wa kike. Akambeba, akakimbia naye kutafuta daktari wao. Alidhani akimbeba atapona. Akafia mikononi mwake. Ameniambia mara moja, akasema nisimuulize tena, na sijamuuliza."

"Mkubwa?"

"Kama wewe ulivyokuwa."

Nikafikiri. "Kwa hiyo uchafu uko kwake, si kwangu?"

"Hakuna uchafu."

"Mbona hanishiki?"

Mama akapuliza makapi. "Anawaambia watu kila Jumapili kwamba wamesamehewa, na wao wanaamini, wanarudi kwao wamepona. Yeye haamini. Ndiyo hivyo. Chota maji."

Nimekaa na jambo hilo maisha yangu yote na sijalipatia dawa. Labda angeoga maji ya Bibi angepona. Labda angeyaamini mahubiri yake mwenyewe angepona. Aliyakataa yale ya Bibi kwa ajili ya haya mengine, na haya mengine hayakumfaa. Akabaki katikati. Watu wanapenda kuniambia Mungu anajua. Anajua, ndiyo. Alijua na wakati ule.

Surua ilikuja kiangazi kilichofuata. Samweli alikuwa amekwishajua kutembea, anashikilia kuta, anaita kila kitu "mama", hata ndoo. Alianza na macho mekundu, halafu vipele, halafu kifua. Mama naye alikuwa amelala na malaria ya kumtoa jasho hadi mkeka unalowa. Asubuhi moja mtoto akaanza kupumua kwa kuvuta mbavu ndani. Mama akainuka kwa kiwiko.

"Baba Minza, mpeleke hospitali."

Gari hakuna. Mafuta enzi hizo yalikuwa ya kuomba. Baba alishavaa shati. Akasema, "Nakwenda kumwita Maduhu ambebe."

"Maduhu yuko ziwani. Mbebe wewe! Una miguu mirefu, utafika mara moja."

Baba alisimama mlangoni. Mikono haikuwa nyuma, ilikuwa inaning'inia tu kando, kama ya mtu mwingine. "Nikimbeba atakufa," akasema.

"Baba Minza!"

"Mama Minza, nikimbeba atakufa. Usiniambie tena."

Mama alimtazama. Sijawahi kuona tena mtu akitazamwa vile. Kisha hakubishana. Akaniita, "Minza, geuka." Akaketi kwa shida, akampandisha Samweli mgongoni kwangu, akamfunga kwa kanga yake. Alikuwa anatetemeka kwa homa na alifunga kwa nguvu zake zote, fundo juu ya fundo, nikashindwa kuvuta pumzi. "Usisimame njiani," akaniambia.

Tukashika njia ya kwenda mjini. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali. Baba alikuwa na mwavuli mweusi. Akanyoosha mkono mrefu akatufunika, mimi na Samweli, yeye mwenyewe akitembea juani. Samweli alikuwa kama kaa la moto kwenye uti wangu. Nilimsikia akipumua kwenye shingo yangu, ile sauti kama mtu anayekwangua sufuria. Nilikuwa msichana mwembamba. Lakini nilitembea.

"Tupumzike, mama?" baba akauliza.

"Mama amesema nisisimame."

"Sawa."

Watu walimwamkia. Shikamoo Mchungaji, marahaba, marahaba. Mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki akasimama. "Mchungaji, mbona mtoto anabeba mtoto? Lete nikusaidie." Akatua beseni, akaanza kumwinua Samweli, mtoto akalia kilio cha kukatikakatika, akanishika nywele. "Basi, basi, hataki mtu," akasema. "Amekuzoea, dada yake." Baba alisimama hapo na mwavuli wake, midomo inacheza. Alikuwa anaomba. Aliomba njia nzima, nilimsikia. Hakuomba kwa sauti ya kanisani. Alikuwa anaomba kama mtu anayebembeleza karani asifunge dirisha.

Tulipopita mawe ya mwisho na mji ukaanza kuonekana, Samweli alinyamaza. Ile sauti ya kukwangua ikaisha. Nikafurahi. Nikasema moyoni, amelala, homa imeshuka, nitafika nimwambie mama hakunisumbua. Nikaongeza mwendo. Niliona hata amekuwa mzito zaidi, na nilijua kwamba mtoto akilala ndivyo anavyokuwa. Kichwa chake kilikuwa kikigonga bega langu kila nilipopiga hatua.

Kisha jua likanipiga usoni. Kivuli kilikuwa kimebaki nyuma. Nikageuza shingo. Baba alikuwa amesimama katikati ya njia, mwavuli umeshuka mpaka ncha yake imegusa vumbi. Alikuwa akimtazama Samweli.

"Amelala, baba," nikasema.

"Simama, Minza."

"Mama amesema nisisimame."

"Simama, mwanangu."

Nikasimama. Akaja nyuma yangu. Nilisikia mwavuli ukianguka. Halafu nikasikia mkono wake begani kwangu, wote, kiganja na vidole, na mwingine ukapita ubavuni kutafuta ile kanga. Mikono yake ilikuwa ya moto. Hilo ndilo jibu langu, kama kuna mtu anataka kujua: ilikuwa ya moto, na mikavu, na mizito kuliko nilivyodhani, na haikutetemeka hata kidogo.

Hakujua kufungua. Hakuwa amewahi kumfunga wala kumfungua mtoto. Fundo la mama lilikuwa limeingia ndani ya fundo jingine, na jasho langu limelikaza. Akavuta hapa, akavuta pale, vifundo vya vidole vikinisugua kifuani, pumzi yake kisogoni kwangu, naye akisema polepole, pole mama, pole mama, na sijui alikuwa anamwambia nani. Mimi ningeweza kulifungua. Nilijua pa kuvuta. Na nilikuwa nimeshajua kwamba Samweli hakulala, mgongo unajua kabla ya kichwa. Lakini nilisimama wima pale njiani, macho mbele, mikono nimeinyoosha chini kama askari, nikamwacha baba ahangaike na lile fundo. Sikutaka lifunguke.